Kipindi cha michezo kimekuwa vurugu, na wazazi wanataka kipunguzwe

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa chekechea huku Mbagala, nipo mwaka wa pili kazini. Kituo chetu kiko kwenye nyumba ya kupanga. Uani nusu ni saruji na nusu ni mchanga, na pana mwarobaini mmoja wa kivuli. Watoto ni 31, wadogo kabisa wana miaka mitatu na wakubwa mitano. Tuko walimu wawili, pamoja na dada anayepika uji ambaye akimaliza jikoni anatusaidia.

Kila siku saa nne na nusu, watoto wakishakunywa uji, ninawatoa nje kwa michezo ya pamoja. Mwenzangu hubaki ndani akisahihisha madaftari. Chuoni nililipenda sana somo hili, lakini hapa naona limenishinda. Tukicheza nyama nyama, ninawatoa wanaokosea, na baada ya dakika chache nina watoto kumi wamekaa ukutani wanarushiana mchanga. Tukicheza paka na panya, wawili wanakimbizana na wengine wote wameshikana mikono kwenye duara, wanavutana mpaka duara linakatika. Nikiwaachia wakimbie tu, wanagongana. Mwezi uliopita mmoja alipasuka mdomo, na mama yake alikuja juu kweli kweli.

Kuna mvulana wa miaka mitano, ana nguvu kuliko wenzake, ambaye kila mchezo anaumaliza kwa kusukuma watu. Nimekuwa nikimkalisha kando kama adhabu lakini akirudi anasukuma zaidi. Halafu kuna binti wa miaka minne ambaye hachezi kabisa. Anasimama karibu na mlango wa jikoni, ananyonya ncha ya hijabu yake, anaangalia. Nikimshika mkono nimwingize kwenye duara analia.

Kibaya zaidi ni wazazi. Wanasema wanalipa ada ili watoto wasome, siyo warudi na sare imejaa vumbi. Mmoja alinionyesha daftari la mtoto wa jirani yake anayesoma kituo kingine. Mtoto huyo ana miaka minne na ameshaandika moja mpaka hamsini. Akaniuliza, "Wa kwangu ataandika lini, mwalimu, au mnamwandaa awe mwanariadha?" Mwenye shule naye ameanza kuyumba. Amesema tutakutana na wazazi Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na wakishikilia msimamo wao basi michezo itakuwa mara moja kwa wiki, Ijumaa tu.

Shangazi, naamini watoto wanahitaji kucheza, lakini sina maneno ya kuwaambia wazazi, na kwa vurugu ya uani kwangu sina hata cha kuwaonyesha. Nianzie wapi?

Mwalimu wa chekechea, Mbagala

N.B. Mwenye shule ametenga shilingi laki nne za vifaa vya michezo. Anafikiria kununua ile seti ya plastiki yenye bembea na ya kutelezea. Nimwache anunue?

*

Marahaba, mwanangu.

Tuanze na uani, maana uani ukitulia hata hiyo Jumamosi utaingia na kitu mkononi.

Umenitajia michezo miwili, na yote miwili ina kasoro ileile: watoto wengi hawachezi. Hesabu mwenyewe. Kwenye paka na panya wanakimbia wawili, wanasimama 29. Mtoto wa miaka mitatu ukimwambia asimame asubiri zamu yake ifike watu 28 mbele, atajitafutia kazi, na kazi iliyo karibu ni mkono wa mwenzake. Kwenye nyama nyama anayetolewa mwanzo kabisa ni yule ambaye masikio na miguu yake bado havijapatana. Yaani anayeuhitaji mchezo kuliko wote ndiye anayeucheza kidogo kuliko wote, halafu anakwenda kukaa ukutani na mchanga uko karibu. Usimlaumu.

Kutolewa ni kanuni ya watoto wakubwa. Sisi tuliocheza rede na kombolela mitaani tulikuwa tumeshaanza shule ya msingi, na wale wadogo zetu waliotufuata tuliwaruhusu wakimbie nasi bila kuhesabiwa. Hakuna mwalimu aliyetufundisha hivyo. Tulijua tu kwamba ukimtoa mdogo atalia, mama yake atatoka, na mchezo utakwisha.

Kwa hiyo kwenye uani wako weka sharti moja: hakuna anayetolewa na hakuna anayepanga foleni. Mchezo wowote usioweza kukubali sharti hilo uache mpaka watoto wafike darasa la kwanza. Utashangaa michezo mingapi inakubali ukiigeuza kidogo.

Nyama nyama, kwa mfano. Ukiita "Mbuzi!" wote wanaruka na kuitikia nyama. Ukiita "Paka!" wote wanachuchumaa kimya. Aliyekosea anaruka kama chura mpaka kwenye mwarobaini, anaugusa, anarudi mchezoni. Basi. Baada ya siku mbili utaona wengine wanakosea makusudi ili waende kuruka kama chura. Waache, ndiyo kazi yenyewe hiyo, kuruka. Nguruwe tu usimtaje, kwa Mbagala utazua mjadala wa wazazi ambao hutauweza.

Mwewe na vifaranga nao unageuzika. Anayekamatwa hatoki, anakuwa mwewe. Mwewe wanaongezeka mpaka kifaranga wa mwisho anazungukwa na kila mtu, na hapo kelele zake zitafika barabarani. Ukuti hauhitaji kugeuzwa, wote wako ndani tangu mwanzo, ila duara la watoto 31 ni kubwa mno kwa wadogo. Fanya maduara matatu.

Badala ya paka na panya nakupa mchezo wa mikia, na huu naomba uuandae vizuri. Tafuta kanga kuukuu mbili, zichane vipande vyembamba, kila kimoja kirefu kama mkono wa mtoto kutoka bega mpaka kidole. Kila mtoto anachomeka kimoja nyuma, kwenye mpira wa kaptura au sketi, kinaning'inia. Kichomekwe tu, kisifungwe. Kikifungwa, mtu akikivuta anavuta mtoto mzima. Ukipiga debe, kila mmoja anajaribu kuchomoa mikia ya wenzake huku akilinda wake. Aliyenyang'anywa mkia anakimbilia kwako, anachukua mwingine kwenye ndoo, anaendelea. Usihesabu nani ana mikia mingi. Wakubwa wako watahesabu wenyewe, lakini wewe usitangaze mshindi. Tazama wanavyokimbia katika mchezo huu: wanajipinda, wanarudi nyuma, wanageuza shingo, wanasimama ghafla. Mbio za kutoka ukuta mpaka ukuta hazina hata nusu ya hayo.

Lakini usiuanze Jumatatu. Jumatatu wafundishe kusimama.

Mtoto wa miaka mitatu anajua kukimbia, ila breki zake ni hafifu. Ndiyo maana wanagongana, na ndiyo maana mdomo ulipasuka. Chukua debe au ndoo ya plastiki na kijiti. Debe likilia wanatembea, likinyamaza wanaganda kama walivyo, hata kama mguu uko juu. Siku mbili za kwanza ni kutembea tu. Kisha kutembea haraka. Kisha kuruka. Mbio ziwe mwisho, baada ya wiki, utakapoona debe likinyamaza uani wote unanyamaza. Ukishafika hapo una usukani. Kitu chochote kikienda kombo unanyamazisha debe, huna haja ya kupiga mayowe wala kuharibu koo lako.

Na wakikimbia, wote wazunguke upande mmoja. Chora duara kubwa kwa majivu kwenye mchanga, katikati weka kiti chako, wao wazunguke nje. Siku ambayo uani unaonekana mdogo zaidi, labda mvua imenyesha na mchanga umelowa, watembee kama wanyama. Kaa anakwenda ubavu, tembo anakwenda kwa kuinama mkono ukining'inia, nyoka yuko tumboni kwenye jamvi. Mwendo wa wanyama unachosha kuliko mbio, halafu ni wa taratibu, kwa hiyo hakuna anayegonga mtu kwa kishindo.

Kuna jambo ambalo hukuliuliza ila nimeliona kwenye barua. Watoto 31 kwa mwalimu mmoja, mwenzako ndani na madaftari. Hapana. Kaeni chini mgawane. Wadogo watoke kwanza na wewe kwa dakika 25, wakubwa wakiwa ndani na mwenzako. Kisha mbadilishane. Kundi la watoto 15 au 16 kwenye uani huo ni jambo jingine kabisa, na mtoto wa miaka mitatu hatakanyagwa na wa mitano. Madaftari atayasahihisha watoto wakilala au wakiondoka. Najua ni mwenzako na hupendi kumsemea, lakini msemee kwa mwenye shule kwa njia ya ratiba. Andika ratiba mpya, mpelekee, usitaje jina la mtu.

Halafu saa nne na nusu ni saa mbaya. Kwanza uji uko tumboni, bado wa moto. Pili jua la Dar es Salaam saa hizo, hasa kuanzia Desemba mpaka Machi, linaichoma saruji kiasi kwamba wewe mwenye viatu husikii lakini mtoto aliyeanguka na viganja anasikia. Watoe saa tatu kasorobo, upande wenye kivuli. Wanywe maji kabla ya kutoka na wakirudi, hata asiyesema ana kiu. Uji uje baadaye, na utaona hautabaki kwenye vikombe.

Viatu vyeusi vya shule vyenye soli laini vinateleza kwenye saruji, na kandambili ni mbaya zaidi. Mchanga ukishaupitia kwa reki na macho yako, ukaondoa misumari na vigae, mguu mtupu ni bora kuliko vyote. Ijumaa wanapokuja na kanzu na hijabu, pita kwa kila mmoja uondoe pini na bruchi, na kanzu ikunjwe ichomekwe kiunoni. Hii kazi ni ya dakika tatu, usiiruke.

Sasa mvulana wako. Kumkalisha kando hakutafaa kitu, kwa sababu unamnyima hasa kile mwili wake unachodai. Watoto wengi wa namna hiyo hawajui nguvu zao zinaishia wapi. Anataka kumgusa mwenzake, mkono unafika kama msukumo. Mpe kazi nzito kabla ya mchezo kuanza. Abebe ndoo ya mikia, asukume tairi kutoka ukutani mpaka kwenye mti, avute kamba na dada wa jikoni upande wa pili. Dakika tano za kusukuma kitu kinachostahili kusukumwa, halafu ndipo aingie mchezoni. Na watoto wote wajue kwamba kwenye mikia mkono unashika mkia tu, na kwenye michezo ya kukimbizana unagusa begani kwa kiganja kilicho wazi. Akisukuma, debe linanyamaza, unakwenda kwake, unamwonyesha begani mwako namna ya kugusa, anakugusa wewe, anarudi. Utafanya hivyo mara nyingi. Ndivyo ilivyo.

Binti usimshike mkono tena. Anayesimama mlangoni akiangalia yumo mchezoni zaidi ya unavyodhani. Mwulize mama yake, utasikia akifika nyumbani anawachezesha wadogo zake mchezo wote mwanzo mpaka mwisho, na wewe anakuiga mpaka sauti. Mpe debe. Akae hapohapo mlangoni alipopachagua, yeye ndiye apige na yeye ndiye anyamazishe. Mtoto anayeogopa kundi ukimpa uwezo wa kuligandisha kundi zima kwa kijiti kimoja, sura yake hubadilika. Siku nyingine mpe mtoto mmoja tu, mpole, warushiane mpira wa soksi karibu na mlango. Kutoka mmoja atakwenda kwa watatu, na duara litafuata lenyewe, pengine baada ya wiki kadhaa.

Ila mwangalie kwa jicho la pili. Wakati debe linanyamaza, yeye anasimama kwa sababu amesikia, au kwa sababu ameona wenzake wamesimama? Simama nyuma yake siku moja upige kofi taratibu. Akishuka ngazi ya jikoni anapapasa? Anaanguka kuliko wenzake, anaziba masikio kelele zikipanda? Ukiona mojawapo ya hayo, zungumza na mama yake faraghani, msiseme mbele ya wazazi wengine, na umwombe ampeleke hospitali akapimwe masikio na macho. Usiseme mtoto ana tatizo. Sema ungependa kuwa na uhakika.

Tuje kwa wazazi.

Lalamiko la sare ni la haki. Sabuni ni hela, maji ya Mbagala wakati mwingine ni ya kununua kwa ndoo, na mama anafua usiku akitoka kazini. Usilipuuze hata kidogo, na usilijibu kwa hotuba ya malezi. Waombe kila mtoto alete fulana kuukuu na kaptura au taiti ya kuchezea, ikae kwenye mfuko wenye jina lake, irudi nyumbani Ijumaa. Sare inabaki safi. Kwa sentensi moja umewapunguza nusu ya wapinzani. Na yule mama wa mdomo uliopasuka alikuja juu, naamini, kwa sababu aliuona mdomo kabla hajaambiwa. Nunua daftari la kuandika matukio, na mtoto akiumia, hata mchubuko, mzazi apigiwe simu kabla basi halijaondoka.

Kuhusu kuandika, usibishane na mtoto wa jirani. Msifu. Kisha waambie wazazi kwamba mkono unaoandika unaanzia begani na mgongoni. Mtoto anayevuta kamba, anayetambaa kama kaa akibeba uzito wake kwa viganja, anayerusha na kudaka mpira, anajenga bega na kifundo cha mkono vitakavyoituliza penseli, na mgongo utakaomwezesha kukaa wima kwenye dawati. Mtoto wa miaka minne akishika penseli kwa ngumi nzima, mkono wake bado unakua, na daftari halitauharakisha. Hata kuruka kwa mguu mmoja wengi huweza wakiwa kati ya miaka minne na mitano, na hakuna mzazi anayelipa ada ya kufundishwa hilo. Kama kuna anayetaka kujua mtoto wake anajua namba, asitazame daftari. Amtume jikoni akalete vitunguu saba. Akileta saba, anajua saba.

Kama mwenye shule anataka maneno yenye muhuri, yapo. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019 kuhusu watoto walio chini ya miaka mitano. Kwa wa miaka mitatu na minne linasema wapate angalau dakika 180 za kujishughulisha kimwili kwa siku, zikiwamo dakika 60 za mwendo wa kuchemsha mwili, wasikalishwe kwa muda mrefu, na televisheni au simu isizidi saa moja, na pungufu ya hapo ni bora zaidi. Sasa piga hesabu na wazazi mbele ya ubao. Mtoto anapanda basi alfajiri, anakaa. Foleni ya Barabara ya Kilwa, anakaa. Darasani, anakaa. Anarudi saa saba, nyumba ni vyumba viwili vya kupanga, uani kuna ndoo za watu na pikipiki, nje ni barabara, kwa hiyo anawekewa katuni. Hizo dakika 180 atazipata wapi kama hatazianzia kwenu? Dakika 25 zako zenyewe hazitoshi. Mwenye shule akitaka kuzipeleka Ijumaa tu, mwambie kwa adabu kwamba mnapaswa kuongeza, kipindi cha pili kabla ya kuondoka.

Na kama kuna mzazi anayeona kucheza ni anasa, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ya nchi yetu inapoorodhesha wajibu wa mzazi inataja chakula, malazi, mavazi, matibabu, elimu, na haiishii hapo, inataja pia haki ya mtoto kucheza na kupumzika. Hili liseme kwa sauti ya chini. Sheria ukiitwanga mbele ya watu wanahisi umewashtaki.

Ningekuwa wewe, hotuba ingechukua dakika kumi tu. Baada ya hapo ningewatoa wazazi wenyewe uani, kila mmoja na mkia wa kanga kiunoni, nikampa yule binti debe. Baba zao wataanza kwa kusimama wamekunja mikono. Wape dakika mbili. Wakishahema na kucheka, walete watoto waonyeshe kuganda, wote 31 kimya kwa wakati mmoja. Mzazi aliyezoea kumwita mtoto mara tano aje kuoga atakwambia mwenyewe unachofundisha.

Utashawishika kuwaonyesha pia kwamba kila mchezo una hesabu na herufi ndani yake. Kidogo sawa, kuruka mara saba huku wakihesabu, kutembea juu ya herufi uliyoichora kwa majivu. Usizidishe. Watoto wananusa haraka mchezo uliogeuzwa kuwa somo, na wakishaunusa wanautegea.

Michezo mitatu inatosha kwa wiki mbili. Wewe ndiye utakayechoka kurudia, wao hawachoki. Kipindi kianze polepole, kipande, kisha kishuke, dakika za mwisho walale chali kwenye jamvi chini ya mwarobaini, mikono tumboni, wasikilize tumbo linavyopanda na kushuka. Ukiwaingiza darasani moja kwa moja kutoka kwenye mikia, mwenzako atakuchukia na atakuwa na sababu.

Nimalizie na laki nne za mwenye shule. Asinunue hiyo seti. Ya kutelezea ni moja, watoto 31, umeshajua nitasema nini: foleni, na foleni ni mahali pa kusukumana. Bembea nayo inapita mbele ya uso wa kila anayekimbia, kwenye uani mdogo kama huo. Anunue kamba nene ya katani mita kumi, mipira laini saizi mbili, ile mikubwa ya wadogo, maana mtoto wa miaka mitatu mpira mdogo humpita katikati ya mikono. Anunue majamvi, turubai la kuongeza kivuli pale mwarobaini usipofika, na mchanga laini wa kuongeza upande wa saruji. Soksi zisizo na wenzake waombeni wazazi, zijazeni vitambaa, hizo ndizo mipira ya kurusha. Matairi ya zamani mtapewa bure au kwa bei ndogo kwa mafundi wa pancha, manne matano yanatosha kurukia, kubiringisha na kupitia katikati. Yaangalieni waya zisiwe zimetokeza. Toboeni matundu chini kila tairi kabla ya masika. Maji yakituama humo, mbu wa dengi watazaliana hapo hapo chini ya pua zenu, na wao wanauma mchana, saa zenu za michezo.

Shangazi